Lile kopo la dawa ya zamani huko stoo, usilichome wala usilizike

Wakulima wenzangu leo naomba tuongelee yale makopo ya dawa za kuua wadudu yaliyosahaulika stoo, lebo imeshafutika, kutu imetoboa chini na unga mweupe unavuja sakafuni, na mwenyewe anasema ah hiyo ya zamani imeshaisha nguvu. Haijaisha! Dieldrini, lindeni, endosulfani, DDT, hizi zinadumu sana, DDT ikiwa kwenye udongo kupungua nusu tu inaweza kuchukua miaka 2 mpaka 15, sasa je ikiwa imefungwa kwenye kopo.

Ubaya wake zinapenda mafuta. Ng'ombe akila majani yenye masalia sumu inajaa kwenye mafuta yake na kutokea kwenye maziwa, sisi tunakunywa, mama naye anampitishia mtoto kwenye ziwa (lakini jamani msimwachishe mtoto kwa hofu, kunyonya bado ni bora kwake). Ndo maana hata mtu ambaye hajawahi kushika bomba la kupulizia anazo mwilini.

Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zinazodumu, ulianza na kemikali 12, 9 kati ya hizo ni viuatilifu, lindeni ikaongezwa 2009 na endosulfani 2011. DDT imeachwa kwa ajili ya wadudu wanaoeneza magonjwa tu, kama mbu wa malaria, kwahiyo mtu akikuuzia kwa siri uweke kwenye nafaka amekuuzia sumu ya kula.

Sasa ufanyeje. Usichome, moto wa shambani hauna joto la kuimaliza, unazalisha dioksini, sumu nyingine kali, na moshi unauvuta wewe na watoto. Usizike, itakufuata kisimani. Vaa glavu za mpira na barakoa, usifagie pakavu maana vumbi ndo linaingia kifuani, mwagia mchanga wenye unyevu kwanza ndo uzoe, kopo zima pamoja na huo mchanga weka kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, andika SUMU, fungia mbali na chakula cha mifugo, kisha mwone afisa ugani ili likusanywe. Nguo zako fua peke yake.

Na pale mlipokuwa mnachanganyia dawa miaka ile, kuku wasichakure hapo, sumu ya udongoni inaingia kwenye mayai. Maboga nayo usipande hapo, jamii yake inafyonza dieldrini kutoka ardhini kuliko mazao mengi.