Kokteli za matunda na majani nyumbani: somo la hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Leo tunatengeneza kokteli kwa vitu vya sokoni: ndimu, pasheni, embe, nanaa, mrehani, mchaichai. Niseme mapema ili tusigombane huko chini: kokteli si juisi iliyomwagiwa pombe, na blenda leo inabaki kabatini. Ukisaga nanaa unapata maji ya kijani machungu. Ukisaga pasheni na kokwa zake unakunywa unga wa mbegu. Tunachotafuta ni mizani ya ukali, uchachu na utamu, halafu harufu ya jani juu yake. Na wasiotumia kilevi msiondoke, somo ni lenu pia.

Vifaa: glasi, kijiko cha chakula cha kupimia, kisu, chujio la chai, na chupa ya jemu yenye mdomo mpana na mfuniko unaokaza. Hiyo chupa ndiyo ya kutikisia. Mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu ukiwepo ni vizuri, lakini uoshwe kwelikweli, maana harufu ya kitunguu haifichiki. Usipokuwepo, tumia mpini wa mwiko.

Hatua ya 1: Shira

Sukari ya kawaida haiyeyuki vizuri kwenye kitu cha baridi, inabaki chini ya glasi ikicheka na wewe. Ndiyo maana tunaanza na shira. Ile ya kaimati ni nzito mno kwa kazi hii. Chukua kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji, weka jikoni, koroga mpaka sukari ipotee, basi. Ukiichemsha muda mrefu maji yanapungua na kipimo chako kinaharibika.

Hapo ndipo utamu wa kazi ulipo, kwa sababu shira inabeba harufu yoyote utakayoipa. Tuanze na mchaichai. Watu huchukua majani marefu ya juu, yale ya chai. Kwa shira nataka shina, ile sehemu nyeupe ya chini iliyonenepa. Menya ganda la nje lililokauka, laza shina kwenye ubao, ligonge kwa mgongo wa kisu mpaka nyuzi zifunguke na harufu ikufikie ulipo. Mashina manne yanatosha kikombe kimoja cha sukari. Yachemshe kwa moto mdogo dakika tano, sufuria ikiwa imefunikwa. Zima, acha nusu saa bila kufunua, kisha chuja. Mfuniko ni muhimu: ile harufu nzuri inayojaa jikoni wakati sufuria iko wazi ni harufu inayokimbia kwenye shira yako.

Tangawizi nenda nayo hivyo hivyo, kipande cha urefu wa kidole kikatwe vipande vyembamba. Nanaa na mrehani hapana. Hayo hayachemshwi. Zima moto kwanza, tumbukiza majani, hesabu dakika kumi na tano, yatoe. Yakizidi hapo shira inaanza kunukia mboga za majani.

Hatua ya 2: Majani

Chuma ncha za juu, majani machanga, kabla mmea haujatoa maua. Mrehani ninaousema ni ule ule wa kwenye vikuba. Kama unao uani, umeshamaliza nusu ya manunuzi. Ukinunua sokoni, osha kwa maji safi yanayotiririka na ukaushe kwa kitambaa.

Sasa weka jani kwenye kiganja, lipige kofi moja. Moja tu. Mafuta yenye harufu yamekaa kwenye vijifuko vidogo juu ya ngozi ya jani, na kofi linatosha kuvipasua. Ukilitwanga mpaka likawa ugoro, unatoa na uchungu wa ndani, na vipande vyake vitakwama kwenye meno ya wageni.

Hatua ya 3: Ndimu

Ibiringishe mezani ukiikandamiza kwa kiganja mpaka ilegee, kisha kata kwa upana. Kamua kwa mkono, usiisage: ile sehemu nyeupe chini ya ganda ni chungu. Maji ya ndimu kamua siku hiyo hiyo. Ya jana yanakuwa makali bila harufu, na yale ya chupa za dukani mimi siyatumii kabisa.

Hatua ya 4: Kipimo cha kukariri

Pombe kali vijiko 3, ndimu kijiko 1 na nusu, shira kijiko 1 na nusu. Kijiko cha chakula ni ml 15, kwa hiyo pombe ni ml 45. Karibu kila kinywaji cha leo kinatoka hapo. Onja kwa ncha ya kijiko kabla ya kumimina, kwa sababu ndimu hazilingani. Kikiwa kichachu ongeza shira nusu kijiko, kikipwaya ongeza ndimu. Chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa na vidole viwili, inapunguza uchungu na kuamsha tunda. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Barafu jaza glasi. Watu wanaogopa kwamba barafu nyingi itazimua kinywaji, wakati vipande viwili vitatu ndivyo vinavyoyeyuka upesi. Glasi iliyojaa inabaki baridi na maji yanatoka polepole. Itengeneze kwa maji ya kunywa, isiwe karibu na samaki kwenye friza.

Sasa vinywaji vyenyewe

*Ndimu na nanaa.* Huyu ni ndugu wa mojito ya Kuba, ambayo asili yake ni romu, ndimu, sukari na nanaa. Weka majani manane ya nanaa yaliyopigwa kofi ndani ya glasi pamoja na shira, yabonyeze mara mbili tatu kwa mpini wa mwiko. Tia ndimu, tia romu au Konyagi, jaza barafu, malizia na maji ya soda. Koroga kutoka chini kwenda juu. Kabla ya kumpa mtu, chomeka kitawi cha nanaa karibu na mrija, kwa sababu anayekunywa anatangulia kunusa.

*Pasheni na mrehani.* Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Pasheni mbili zilizokunjamana. Zile zinazong'aa bado chachu. Komba ndani kwa kijiko uweke kwenye chupa ya kutikisia. Ongeza majani matano ya mrehani, pombe vijiko 3, shira vijiko 2, ndimu kijiko kimoja tu kwa sababu pasheni ina uchachu wake. Jaza barafu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde kumi na tano, mpaka chupa iume viganja kwa baridi na nje iote ukungu. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Ukipenda zile mbegu, rudisha kijiko kimoja juu, zinapendeza.

*Embe na pilipili.* Mnalijua embe bichi la barabarani, limechanwa, limepakwa chumvi na pilipili ya unga? Ndiyo ladha hiyo. Changanya chumvi na pilipili kwenye kisahani, pakaza ndimu kwenye ukingo wa glasi, uchovye nusu ya ukingo, ili asiyetaka ukali ageuzie upande wa pili. Embe liwe limeiva lakini gumu kidogo. Dodo lina nyama ya kutosha, sindano lina utamu zaidi. Ponda vipande vitano sita kwenye chupa, weka kipimo chetu, shira ikiwa ile ya tangawizi, tikisa, chuja. Ni cha msimu. Nje ya msimu usihangaike na embe la bei mbaya, fanya na nanasi. Nanasi la Kiwangwa likikolea, shira punguza.

*Dawa.* Hii wadau wa Kenya wataniandama nisipoitaja. Ilipata jina Nairobi, kwenye mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980, na inafanana na caipirinha ya Brazili: ndimu, sukari, pombe kali na barafu, ila hapa pombe ni vodka na utamu mkubwa ni asali. Kata ndimu moja vipande vinne, viponde taratibu kwenye glasi na kijiko cha chai cha sukari, tia vodka vijiko 3 na barafu. Asali nzito zungushia kwenye kijiti, kichomeke ndani, mnywaji akoroge mwenyewe. Anayependa tamu anakoroga sana, asiyependa anakiacha. Sioni haja ya kuongeza kitu kingine.

Kuhusu nguvu: Konyagi ni asilimia 35. Vijiko 3 vina karibu ml 16 za kilevi halisi, wakati bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina ml 25. Glasi moja basi ni chini ya bia hiyo. Shida ni kwamba bia inakushibisha, na hizi zinapita kooni kama sharubati. Anayeendesha asiguse.

Maswali ya wadau

Dada, shukrani kwa somo. Sisi hatunywi kilevi. Nikitoa pombe si inabaki juisi ya ndimu tu?

Ukiitoa bila kuweka kitu, ndiyo. Ule ukali unahitaji mbadala. Tumia shira ya tangawizi iliyokolea, au chai ya rangi nzito iliyopoa vijiko 3, au kijiko cha chai cha siki ya tufaha, na punje tano za pilipili manga zilizopondwa. Shira shusha hadi kijiko kimoja, kwa sababu bila kilevi utamu unajitokeza zaidi. Kwa futari, jaribu ukwaju uliolowekwa na kuchujwa badala ya ndimu, shira ya mchaichai, nanaa na maji baridi. Wageni watauliza umenunua wapi. Ukitumia asali, usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Mkuu, kuna mama huku mtaani anapika gongo safi sana, haina hata harufu. Naweza kutumia kupunguza gharama?

Hapana. Methanoli, aina ya pombe yenye sumu, huijui kwa kunusa wala kwa kuonja, na inapofusha, inaua. Kuongeza ndimu na nanaa hakuiondoi. Nunua chupa yenye lakiri isiyochezewa, dukani kunakojulikana. Kama bajeti haitoshi, tengeneza isiyo na kilevi.

Nilichanganya nanasi na maziwa nikaweka kwenye friji, kesho yake chungu ajabu. Maziwa yalikuwa mabovu?

Maziwa hayana kosa. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na uchungu unatoka hapo. Tumia tui zito la nazi: nanasi lililokamuliwa vijiko 4, tui vijiko 2, romu vijiko 3, shira ya mchaichai kijiko 1, ndimu nusu kijiko mwishoni, tikisa na barafu unywe papo hapo. Likikaa, tui linajitenga.

Nina wageni ishirini Jumamosi. Nitatikisa mpaka mkono ung'oke?

Changanya kwenye ndoo safi yenye mfuniko: pombe ml 900, maji ya ndimu ml 450, shira ml 450, na maji baridi ya kunywa ml 400. Hayo maji ndiyo yangetoka kwenye barafu wakati wa kutikisa. Watu huyasahau na kinywaji kinakuwa kikali mno. Ndimu nunua ishirini na tano, maana kuna zitakazokuwa kavu. Kichanganye saa mbili kabla, kipoze. Nanaa na soda subiri mpaka wakati wa kumimina. Na usithubutu kutikisa chochote chenye gesi ndani ya chupa iliyofungwa.

Natumia dawa za presha, na wiki hii nimeandikiwa Flagyl. Nichague ipi?

Ukiwa kwenye Flagyl acha kilevi kabisa, na muulize mfamasia usubiri muda gani baada ya kumaliza dozi. Kwa presha, muulize pia kuhusu balungi: linaingiliana na baadhi ya dawa hizo na baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli, hata bila pombe. Wajawazito nao wachukue zile zisizo na kilevi.

Shira inakaa muda gani?

Ya kawaida, kwenye friji, chupa ikiwa imeoshwa kwa maji ya moto, wiki mbili hadi tatu. Ya majani itumie ndani ya wiki. Ukiona utando, mawingu au povu, mwaga. Kama huna friji, pika nusu kikombe tu ya siku hiyo.

Mrehani sina, ila kivumbasi kimejaa nyuma ya nyumba. Kitafaa?

Kinafaa, lakini harufu yake ni kali zaidi na inaweza kufunika tunda lote. Kwenye pasheni weka jani moja dogo badala ya matano, onja, ndipo uamue kama unataka la pili. Shira yake usipike. Nanasi linakistahimili vizuri kuliko matunda mengine, anza na hilo.