Namna ya Kufunga Mwamba wa Pweza Kijijini

Mwamba uliochoka hauponi kwa kuvuliwa kidogo kidogo; hupona kwa kufungwa, yaani kuachwa bila kuvuliwa kwa muda, na uamuzi huo ni mzito kwa kijiji kinachopata kitoweo chake baharini kila siku. Pweza anafaa kuwa mwanzo, kwa kuwa hukua haraka na maisha yake kwa kawaida hayafiki miaka miwili. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza njia hii mwaka 2004, na baadaye ikafuatwa Songo Songo, Mafia na Kizimkazi, Tanzania.

Kabla ya kuwauliza manahodha, waulizeni akina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa, kwani wao ndio wanaolijua kila tundu. Tundu lenye magamba ya kaa mlangoni lina mwenyewe. Lililozibwa kwa mawe huenda lina jike anayelinda mayai, ambaye hutaga mara moja tu maishani, hali chochote, na hufa yakishaanguliwa. Akichomwa huyo mapema, kizazi chake chote kimepotea.

Fungeni sehemu mnayoweza kuilinda, si mwamba wote, la sivyo wasio na mtumbwi watalala njaa. Kubalianeni katika mkutano wa hadhara, kupitia kamati ya wavuvi na uongozi wa kijiji au shehia. Andikeni muda (miezi 3 hutosha), adhabu na zamu za doria, wajulisheni na wavuvi wa dago (wageni wanaopiga kambi kwa msimu), kisha wekeni maboya.

Siku ya kufungua iwe ya bamvua, maji yanapokupwa sana, na bei iwe imeshapatanwa na mnunuzi. Siku hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu umati ukiingia kwa pamoja, ukikanyaga matumbawe na kupindua mawe, unaweza kubomoa kwa saa chache kilichotunzwa miezi yote hiyo. Kwa hiyo wekeni kikomo cha watu, na pweza mdogo aachwe tunduni mwake.

Hata hivyo, miezi 3 humfaa pweza tu. Matumbawe na samaki kama chewa wanahitaji miaka. Kijiji kikishaonja faida, kithubutu kutenga sehemu isiyovuliwa kabisa, kama walivyofanya watu wa Kuruwitu, Kilifi, waliotenga takriban hekta 30 za bahari waliyokuwa wakiivua wenyewe. Sehemu hiyo iingizwe katika sheria ndogo za kijiji, ili kamati itakayochaguliwa baadaye isiweze kuifungua kwa neno la mdomo.