Somo: Kufukua maneno ya Kiingereza yaliyosahaulika bila kuumbuka

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara nne. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Achana na orodha za "maneno matamu" zinazozunguka WhatsApp. Anza na maandishi yenyewe: Biblia ya King James ya 1611, kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, barua za zamani.

2. Nakili sentensi nzima, na mwaka wake.

3. Fungua ile kamusi kubwa ya Oxford. Msalaba mdogo kando ya neno maana yake limekufa. Mifano yake ina miaka, isome.

4. Hapa ndipo nilipoumbuka. Neno geni kabisa halina shida, utalitafuta tu. Linalokumaliza ni lile unalodhani unalijua. Nilipewa barua ya nahodha wa karne ya 17 niitafsiri. Kaandika kwamba upepo "did let us" siku tatu, nami nikaweka "upepo ulituruhusu". Mteja akanipigia: "Mwanangu, kama uliwaruhusu, mbona hawakuondoka?" Nikarudia kazi yote bure. "Let" hiyo ya zamani ni kuzuia! Kuruhusu ilikuwa "suffer", ndiyo maana Yesu wa King James anasema "suffer the little children". Angalieni pia "meat": ilikuwa chakula chochote. Ile "meat offering" ya Walawi haina hata kipande cha nyama, ni sadaka ya unga. Na "girl" aliwahi kuwa mtoto yeyote, hata wa kiume.

5. Hakikisha neno liliwahi kuwepo. Kamusi ya Webster ya 1934 ilichapa "dord" kwa maana ya densiti. Kumbe kadi ya wahariri iliandikwa "D or d", yaani D au d, kifupisho tu cha densiti. Mhariri alishtuka 1939.

6. Litafutie mwenzake wa Kiswahili. "Overmorrow" ni keshokutwa. Wenyewe wamelitupa, sasa wanazunguka na maneno manne: "the day after tomorrow".

MASWALI

Kijana wa Mbeya: Mkuu, nitumie PDF ya maneno 100, nina usaili Jumatatu.

Mimi: Hatua ya 1.

Kijana wa Mbeya: Nimesoma, sijaona PDF.

Mimi: Haipo.

Kalamu Butu: Let ni kuruhusu, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Unapotosha watu.

Mimi: Nimeandika "ya zamani", rudia. Halafu soma pasipoti ya Uingereza: "without let or hindrance". Wanaomba mwenye pasipoti asiruhusiwe?

Bi Mkasi: Samahani mwalimu, kwenye kitabu cha 1740 nimekuta "fuffer". Kamusi haina.

Mimi: Swali zuri, dada. Hiyo ni "suffer". Zamani s ya mwanzo au katikati ya neno iliandikwa ndefu, karibu sawa na f, ila kijistari chake hakivuki upande wa kulia. Kompyuta ikisoma picha ya kitabu inadanganyika. Ya mwisho wa neno hubaki s ya kawaida, kwa hiyo ukiona "glafs", ni "glass". Ukitafuta neno lolote la kabla ya 1800 lenye s, jaribu na f badala yake.

Mwana Pangani: Mnalilia overmorrow na sisi tunatupa yetu. Bibi yangu anahesabu kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Wajukuu wanadhani mtondo ni jina la mtu.

Mimi: Mtondogoo naliandika daftarini sasa hivi. Bibi yupo? Mrekodi.

Mwana Pangani: Yupo, tena mkali. Nakwenda kwake mtondo.