Kupiga mchanga kwa vifaa vya mtumba: anza na kompresa

Kupiga mchanga ni kurusha chembe ngumu kwa hewa yenye nguvu ili kung'oa kutu na rangi kwenye chuma. Bunduki ya kuzirushia iwe ya mwisho kununua. Mimi nilianza nayo, nikaiunga kwenye kikompresa cha kujazia matairi na kuielekeza kwenye rimu yenye kutu. Ikapiga vizuri sekunde kama kumi, kisha ikaanza kukohoa. Nikakaa kusubiri tangi lijae, nikapiga tena, nikasubiri tena. Rimu moja ilinila mchana mzima.

Kwa hiyo pesa yako ipeleke kwenye hewa. Ukubwa wa tangi usikudanganye. Soma kibati uone kompresa inatoa lita ngapi kwa dakika. Nozeli, yaani ncha ya bunduki yenye tundu, ikiwa ya milimita 3 kwenye psi 90 (kipimo cha msukumo wa hewa) inakula lita 500 hivi kwa dakika. Ukipata kompresa ya lita 200 utafanya kazi, lakini kwa kupumzika-pumzika. Kisha fungua koki iliyo chini ya tangi. Maji ya rangi ya chai si neno; vikitoka vigamba vya kutu, muage muuzaji. Tangi lenye kiraka cha kuchomelea silichukui hata la bure, maana likipasuka ni bomu.

Nozeli za kauri huisha haraka. Mimi huingiza shina la keekee ya milimita 3 kwenye tundu: likicheza, nabadilisha. Tundu likifika milimita 4, hewa inayotumika inakaribia mara mbili.

Mchanga ukikwama kwenye mpira, mara nyingi ni unyevu, umeganda kama sukari iliyorowa. Funga chujio la maji karibu na bunduki, mbali na kompresa, ili hewa ipoe kwanza njiani.

Mchanga wa mtoni au ufukweni usiuguse. Vumbi lake la silika huharibu mapafu, na ugonjwa huo hauna tiba. Tumia ganeti (chenga za jiwe gumu) au chenga za kioo, utandike turubai chini, uchekeche na kurudia. Hata hivyo vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, kwani rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Kitambaa puani ni kujifariji tu.

Piga kwa mshazari, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye chuma, mkono ukitembea. Bati jembamba ukilikazia sehemu moja linajikunja, na halinyooki tena.

Ukimaliza, puliza vumbi na upake praima, rangi ya kwanza ya kukinga kutu, siku hiyohiyo. Usikishike chuma kwa mkono mtupu: niliwahi kukuta alama za vidole vyangu vitano, zote za kutu, asubuhi yake.