Staa Akibadili Dini: Namna ya Kuiandika Habari Yake

Kila mwandishi mpya anayekaa kwenye dawati langu la burudani namwanzishia na mwimbaji Madonna. Wengi waliandika kwamba ameingia Uyahudi, na kosa hilohilo bado naletewa mezani kila staa anapoonekana na kanzu, rozari au uzi mkononi.

Swali la kwanza ni amepita mlango gani. Kwa Wayahudi mlango unajulikana. Anayetaka kuingia husoma chini ya rabi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, kisha huhojiwa na baraza la watu watatu. Mwanamume hutahiriwa, halafu wote, waume kwa wake, huzama katika mikve, birika la utakaso. Mwigizaji Elizabeth Taylor aliingia mwaka 1959. Mwimbaji Sammy Davis Jr. aliuelekea Uyahudi baada ya ajali ya gari ya 1954 iliyomnyang'anya jicho la kushoto, akaingia rasmi miaka kadhaa baadaye. Hao andika kwamba walibadili dini, hakuna ubishi.

Madonna hakupita huko. Alilelewa Mkatoliki, na katika miaka ya 1990 akaanza kuhudhuria masomo ya Kabbalah Centre mjini Los Angeles, kituo cha Philip Berg na mkewe Karen, kinachompokea yeyote, Myahudi na asiye Myahudi. Mwaka 2004 akatangaza kwamba amejipa jina la Kiebrania, Esther. Jina na darasa havimtoi mtu dini moja kumtia nyingine. Andika anasoma Kabbalah, basi.

Kisha mweleze msomaji Kabbalah yenyewe, maana hapo ndipo waandishi wavivu hukimbia. Ni elimu ya Kiyahudi ya siri za Mungu na uumbaji. Zohari, kitabu chake kikuu, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13 kwa Kiaramu, na karne ya 16 rabi Isaac Luria akaifundisha upya katika mji wa Safed. Wazee wengi walishikilia kwamba asiiguse mtu kabla ya kutimiza miaka 40 na kushiba Torati na Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi. Msomaji akijua hilo ataelewa kwa nini marabi wengi waliumia kuona ikifundishwa watu wasiojua hata alfabeti ya Kiebrania.

Uzi wa Kabbalah nao usiupite haraka. Ni wa sufu nyekundu, hufungwa mkono wa kushoto kwa mafundo saba, kinga ya jicho la hasidi. Kuna desturi ya kuuzungusha kwanza kwenye kaburi la Raheli, Bethlehemu. Msomaji wa pwani aliyefungwa hirizi utotoni hahitaji maelezo zaidi. Kituo kiliuuza karibu dola 26. Bei iandike, na hofu ya mama anayemfunga mwanawe uzi iandike vilevile. Ukiacha moja umempotosha msomaji.

Mrudie staa baada ya miaka. Mwimbaji Britney Spears alivaa uzi huo. Mwaka 2006 akasema ameachana na Kabbalah. Madonna aliendelea.

Jambo ninalolidai kuliko yote: kila habari ya staa iambatane na ya waongofu wasiofuatwa na kamera. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, wafuasi wa jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu aliyeshika Uyahudi mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Mwaka 2002 mamia yao walisimama mbele ya baraza la marabi na kuzama majini, ingawa wenyewe walijiona Wayahudi miaka yote hiyo. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusomea urabi Los Angeles, mji uleule wa kituo cha Berg, akahitimu mwaka 2008.

Ukienda kwao, panga mahojiano katikati ya wiki. Sabato huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku; muda huo kamera na kinasa sauti viache kwenye begi.