Namna ya Kusoma Rekodi ya Seneta wa Zamani wa Marekani: Mfano wa Barack Obama

Anayetaka kujua seneta wa zamani alifanya kazi gani bungeni aanze kwa kuweka mipaka ya muda, kwa kuwa kumbukumbu za Marekani hupangwa kwa Kongresi za miaka miwili miwili. Obama aliapishwa Januari 2005 na akajiuzulu Novemba 2008 baada ya kuchaguliwa kuwa rais, hivyo habari zake zimo katika Kongresi ya 109 na ya 110 tu.

Fungua tovuti ya congress.gov, tafuta jina lake, kisha tenga miswada aliyoiwasilisha mwenyewe na ile aliyoiunga mkono tu. Hapa ndipo wengi huteleza. Sheria ya mwaka 2006 iliyoagiza matumizi ya fedha za serikali yawekwe wazi kwenye intaneti hutajwa mara nyingi kana kwamba ni ya Obama, ilhali mwenye muswada, kwa mujibu wa kumbukumbu, ni Tom Coburn wa Oklahoma. Kwa upande mwingine, muswada S. 2125, uliohusu misaada, usalama na demokrasia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni wake hasa: aliuwasilisha Desemba 2005, na Rais George W. Bush akautia saini Desemba 2006. Fuatilia safari ya kila muswada hadi mwisho wake, kwa sababu mingi hufia kwenye kamati, na pengine vifungu vyake huibukia katika muswada wa mtu mwingine, jambo ambalo hesabu ya jumla haiwezi kukuonyesha.

Kura zinapatikana senate.gov, zikiwa na majina ya waliosema ndiyo, waliosema siyo na wasiopiga kura. Usihangaike kutafuta humo kura ya Obama kwa S. 2125, kwani Seneti iliupitisha kwa ridhaa ya wote bila kuita majina. Kwa hiyo kinachoitwa mahudhurio ni kura zilizoitiwa majina peke yake. Kazi ya kamati haimo.

Gawanya kura alizokosa kwa kura zilizoitishwa, ukifanya hivyo kwa kila mwaka peke yake. Obama alitangaza kugombea urais Februari 2007, na tangu hapo nafasi tupu zinaongezeka. Wastani wa muda wake wote ungechanganya seneta aliyekuwa akihudhuria na mgombea aliyekuwa barabarani.

Kisha pima uzito wa kura yenyewe. Tarehe 26 Septemba 2007 Seneti ilipitisha kwa kura 76 dhidi ya 22 pendekezo la kukitangaza Kikosi cha Walinzi wa Mapinduzi cha Iran kuwa cha kigaidi. Obama hakuwepo, ingawa baadaye alimshambulia Hillary Clinton kwa kuliunga mkono. Kwangu mimi, pengo hilo ni zito kuliko kukosa kura kumi za uteuzi usiopingwa na mtu. Tarehe 1 Oktoba 2008, kampeni ikiwa imepamba moto, alirudi Washington kuunga mkono mpango wa kuokoa mabenki, uliopita kwa 74 dhidi ya 25.

Mwisho, mlinganishe na wenzake wa Kongresi ileile, lakini chunguza sababu kwanza. Tim Johnson wa South Dakota alikosa kura nyingi mno mwaka 2007 kwa sababu alivuja damu kwenye ubongo Desemba 2006 na hakurejea hadi Septemba. Orodha ya kura humwandika yeye sawasawa na mgombea aliyekuwa jukwaani, kwa hiyo itakulazimu kusoma magazeti ya wiki husika.