Somo: Makosa ya mfunzaji yanayomharibu mbwa wa kuwinda ndege

Swali la mbwa anayekimbia mlio wa bunduki hurudi kila mara, na jibu langu halibadiliki. Basi naliandika hapa kwa ukamilifu.

Hatua ya 1. Mfundishe kuja anapoitwa: amri moja, mara moja, huku umeshika kamba ndefu. Akichelewa kuja, usimwadhibu akishafika.

Hatua ya 2. Mfundishe kusimama anaponusa ndege. Akimkurupusha ndege kwa kumrukia, usifyatue, kwa maana ndege akianguka mbwa atajua kwamba kukurupuka kunalipa.

Hatua ya 3. Mlio wa bunduki. Kwa kawaida mbwa hazaliwi akiuchukia. Mara nyingi hufundishwa kuuchukia na mtu anayefyatua karibu naye ghafla ili aone kama ni jasiri. Ngoja kwanza awe na hamu kubwa ya ndege, kisha, wakati anamfukuza ndege aliyeruka na akili yake yote iko huko, msaidizi afyatue bastola ya mlio mdogo akiwa umbali wa mita 100 hivi. Msogee karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku. Akigeuza kichwa, akishusha mkia au akirudi miguuni pako, acha kazi ya siku hiyo, na safari ijayo uanzie mbali zaidi. Usimbembeleze wala usimkemee. Kamwe usimpeleke kwenye uwanja wa shabaha.

Swali: Wangu nilimpeleka uwanja wa shabaha azoee, na sasa akiona bunduki hujificha. Kuna njia ya haraka?

Jibu: Hakuna. Onyo liko katika hatua ya 3. Ficha bunduki kwa miezi kadhaa, mrudishie hamu ya ndege, kisha uanze upya kutoka mbali.

Swali: Mbwa wangu hupita karibu kabisa na kware asimnuse, ilhali siku nyingine humgundua akiwa mbali. Je, pua yake ina kasoro, au mimi ndiye ninayemwelekeza vibaya?

Jibu: Umefanya vyema kujichunguza kabla ya kumlaumu. Tazama upepo. Ukivuma kutoka mgongoni mwenu, harufu ya ndege aliye mbele hupelekwa mbali na mbwa. Kwa hiyo ingia shambani upepo ukikupiga usoni, naye umwache akate kushoto na kulia mbele yako. Angalia pia joto, kwa kuwa mbwa anayehema kinywa wazi hanusi vizuri. Mpe maji na kivuli mara kwa mara.

Mchango: Mkipumzika hapo kivulini, mkague masikioni na kati ya vidole, kwa sababu mbegu za nyasi zenye ncha huchoma ngozi na kuzama ndani.

Jibu: Naam, na hasa akianza kutikisa kichwa upande mmoja, usiingize kijiti sikioni, mpeleke kwa daktari wa mifugo.